Picha Iliyokataa Kuzimika

Maabara nzima walimwita Bi Giza, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba kisicho na dirisha, pazia zito limeshushwa mlangoni, akipiga picha vitu ambavyo jicho la mtu haliwezi kuviona. Akitoka nje mchana alikunja uso na kupepesa macho, na wenzake wakamtania, "Bi Giza, hilo ndilo jua, lisalimie." Alikuwa mtafiti hodari, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, na mtu wa maneno machache. Wiki ile hata hayo machache yalimkauka mdomoni, kwa sababu alitakiwa kuchagua kamera.

Usicheke. Kama unadhani kuchagua kamera ni kuingia dukani, kujipiga picha moja ya majaribio na kuuliza kama ipo ya rangi nyingine, basi wewe una raha zako. Kamera aliyoitaka Bi Giza ilikuwa ya kupozwa, yaani ndani yake mna kifaa kinachoifanya iwe baridi kuliko barafu. Alihitaji baridi hiyo kwa sababu ya bakteria wake. Alikuwa amewatengeneza kwa miezi mingi, akawatia chembe inayowafanya watoe mwanga wakiwa hai. Ukiwamwagia dawa, waliokufa huzimika, na wasiozimika ndio wa kuogopwa. Lakini mwanga wenyewe ni hafifu mno, na kamera hulazimika kuukodolea macho kwa muda mrefu. Kamera yenye joto ikikodoa hivyo, huanza kuona joto lake yenyewe, na picha ikajaa chenga kila mahali.

Hayo ndiyo yaliyoipata kamera yao ya zamani. Feni yake ilikufa, upozaji ukafa nayo, na tangu siku hiyo ikaitwa Marehemu. Kazi ikasimama. Timu ya dawa ilikuwa inasubiri upande wa pili wa korido, na bakteria nao si watu wa kuambiwa njooni wiki ijayo. Ukiwaweka sana wanachoka, mwanga wao unafifia, na miezi yote ile inakwenda na maji.

Na ubaridi peke yake hautoshi. Pale maabara, hakuna aliyebonyeza kamera kwa kidole. Kulikuwa na programu moja kwenye kompyuta, na hiyo ndiyo iliyokuwa mama wa nyumba: iliamuru taa iwake, meza ya hadubini isogee, kamera ipige, taa izime, meza isogee tena. Kamera isiyotambuliwa na programu hiyo, hata iwe nzuri namna gani, ni pambo tu. Tena programu yenyewe ilikuwa ya zamani. Toleo jipya lilikuwapo, lakini toleo jipya halikuijua meza yao, ambayo mtengenezaji wake alikwishafunga biashara. Kwa hiyo kompyuta ilibandikwa karatasi yenye herufi kubwa: USIGUSE, USIBORESHE. Bi Giza aliandika karatasi hiyo kwa mkono wake, na akatia mstari chini ya neno la pili.

Sasa sikia balaa lenyewe. Wauzaji walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja nadhifu waliyembandika jina la Mzee wa Tai, maana hata kwenye joto la kuyeyusha mishumaa hakuilegeza tai yake. Wa pili alikuwa Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake Bi Giza, tumbo moja, kitindamimba wa mama yao, na jina likamganda hivyo hivyo mpaka akaota ndevu. Alikuwa kijana mwema, mcheshi, mwenye mkosi wa ajabu. Aliuza simu, duka likafungwa. Akafundisha shule, shule ikapunguza walimu na kuanza na yeye. Sasa alikuwa amepata kampuni inayouza vifaa vya maabara, naye akiwa bado katika kipindi cha majaribio. Bosi wake alimwambia bila kupepesa macho kwamba mwezi ukiisha hajauza chochote, asirudi. Mwezi ulikuwa ukingoni.

Mama yao hakulinyamazia jambo hilo.

"Mwanangu, mdogo wako leo hajala," alisema kwenye simu. "Anasema anaiwaza kamera."

"Mama, na mimi naiwaza hiyo hiyo kamera."

"Basi si mnawaza kitu kimoja? Shida iko wapi?"

Shida ilikuwa wazi, ila si ya kumweleza mama kwenye simu. Kamera ya Kitinda ilikuwa nzuri kweli. Kwenye maelezo yake ilipoa kuliko ya Mzee wa Tai, na iliona gizani kuliko ya Mzee wa Tai. Lakini katika orodha ya kamera zinazotambuliwa na programu yao, ilitajwa familia yake tu, kaka zake wakubwa, yenyewe haikutajwa. Kitinda aliapa kwamba inafanya kazi. Bi Giza alimjua mdogo wake: akikupenda, anakuapia hata asilolijua.

Alikwenda kwa mkuu wa maabara akasema mapema, mambo yasije yakamfika shingoni. Mkuu huyo walimwita kisirisiri Mama Mkuu, kwa sababu aliwaendesha kama watawa, na hata kicheko katika korido yake kilitakiwa kiwe na sababu.

"Muuzaji mmoja ni mdogo wangu wa damu," Bi Giza alisema.

Mama Mkuu alimtazama juu ya miwani. "Mimi sijui kupiga hizo picha, wewe unajua. Sitamleta mtu wa nje achague kamera ambayo utakaa nayo wewe gizani. Mkague mdogo wako mara mbili, halafu niambie. Neno lako ndilo nitakalolitia saini."

Angemkatalia, ingekuwa nafuu. Neno lako ndilo nitakalolitia saini! Bi Giza alirudi chumbani kwake.

Mzee wa Tai alikuja kwanza. Bi Giza alikuwa na desturi yake, na kila kamera iliyoingia chumba kile iliipata: picha ikishatokea kwenye skrini, alichukua kitambaa cheusi akaifunika kamera. Picha ikizimika, kamera inaona kweli. Kisha aling'oa waya na kuurudisha. Aliifunika kamera ya mzee wa watu, akaifunua, akaifunika tena, mpaka mzee akauliza, "Binti yangu, mbona mapema hivi, unaifanyia maziko?" Wote wakacheka. Kamera yenyewe ilitii kila kitu. Programu iliitambua papo hapo. Ila bakteria wale hafifu kabisa, ambao mwanga wao ni wa kubahatisha, iliwapoteza kwenye chenga. Ilikuwa kamera ya kufanyia kazi, haikuwa ya kuota ndoto.

Siku iliyofuata akaja Kitinda. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, na mbele za watu akamwita dada yake "daktari", kwa sauti ya kigeni kabisa, Bi Giza akataka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Chumba kilijaa. Mama Mkuu alisimama karibu na mlango, watu wa timu ya dawa wakabanana ukutani, na kwenye kompyuta alikaa fundi wa mashine, bwana mmoja mpole aitwaye Fundi Subiri, kwa kuwa hata nyumba ikiungua angesema "subiri kidogo".

Kitinda aliifunga kamera juu ya hadubini kwa vidole vilivyokosea skrubu mara mbili. Bi Giza aliviona vile vidole. Aliviona tangu vikiwa vidogo, vikimshika sketi yake sokoni.

Programu ilifunguka, ikafikiri, ikatoa kisanduku chekundu: kifaa hakikupatikana.

Bi Giza aligeukia hadubini. Hakuthubutu kumtazama mdogo wake.

"Subiri kidogo," alisema fundi. Akaifunga programu, akaifungua upya. Kila inapofunguka, programu ile huuliza itumie mpangilio gani wa vifaa, na kuna mipangilio kadhaa kwenye orodha. Fundi akabonyeza. Bi Giza wakati huo alikuwa ameinama kwenye hadubini, akiweka kioo cha sampuli. Safari hii programu haikulalamika. Taa zikazimwa, watu wakashika pumzi, na kwenye skrini wakatokea bakteria.

Na walitokea! Vijiti vidogo vya mwanga, wazi, wametulia, hata wale hafifu waliokuwa pembeni. Hapakuwa na chenga hata moja ya kusingizia. Fundi akaamuru meza isogee, na bakteria wengine wakaingia. Mtu wa timu ya dawa akasema, "Eeh, hii sasa ndiyo kamera," na mwingine akaanza kupiga makofi, na makofi yakasambaa chumbani. Hata Mama Mkuu alipiga, mara chache, viganja vikavu. Bi Giza alikuwa na kitambaa chake cheusi begani. Mkono wake ulikipapasa. Kisha akamwona Kitinda katika mwanga wa skrini, mdomo wazi, macho yamejaa maji, akitazama watu wanaompigia makofi. Mkono ukashuka.

"Inafanya kazi?" aliuliza Mama Mkuu.

"Inafanya kazi," alisema Bi Giza.

"Kesho asubuhi niletee ripoti nitie saini."

Jioni simu ilipolia, ilianza kwa vigelegele. Mama alikuwa na majirani wawili sebuleni, na wote walitaka kumsikia daktari aliyemtoa mdogo wake kimasomaso. Bi Giza aliitikia, akacheka inavyopaswa, akakata. Akakaa mezani na mumewe na mtoto. Mume alikuwa mtu wa utani, akamwambia kwamba sasa Kitinda akilipwa mshahara arudishe suruali zote alizoazima humo ndani. Bi Giza alipeleka kijiko mdomoni, na kijiko kikasimama njiani.

"Nini?" mumewe aliuliza.

"Ukucha," alisema.

"Ukucha gani, kwenye chakula?"

Haukuwa wa kwenye chakula. Katika kila picha waliyowahi kupiga na Marehemu, kwenye kona ya juu, palikuwa na mkwaruzo mdogo uliopinda, kosa la mtu aliyeisafisha zamani kwa pupa. Walikwishauzoea, wakauita Ukucha, wakaacha kuuona. Na leo hii hii mchana, katika picha ile nzuri, kona ile ile, palikuwa na Ukucha.

Alijaribu kujipoza. Labda mkwaruzo uko kwenye kioo cha hadubini. Labda macho yake yalizoea kuuona, yakajichorea wenyewe. Lakini likaja jambo la pili juu ya la kwanza: meza ya hadubini ikisogea hulia, mlio mwembamba wa chuma kwa chuma, na leo iliposogea hakuusikia. Alijiambia kwamba makofi yaliufunika. Halafu akakumbuka kwamba makofi yalianza baadaye. Hakumaliza chakula, na mumewe hakuuliza tena. Alimwondolea sahani polepole kama anavyomwondolea mgonjwa.

Asubuhi aliwahi kabla ya wote. Kamera ya Kitinda ilikuwa bado juu ya hadubini, na programu ilikuwa bado wazi, bakteria wakiwaka kwenye skrini kwa fahari zao zote. Bi Giza alichukua kitambaa cheusi. Akaifunika kamera, akakizungushia na mikono yake, akageuza shingo kutazama.

Picha haikuzimika.

Akang'oa waya wa kamera. Picha ikaendelea. Aliushika ule waya mkononi, ncha yake imening'inia hewani, na kwenye skrini bakteria mmoja alikuwa anajigawa kuwa wawili, hana habari. Bi Giza akaingiwa na hofu ya kweli. Akasogea kwenye kompyuta, akasoma jina la mpangilio uliofunguliwa. Uliitwa Mafunzo.

Alijua mara moja, na akajichukia kwa kujua haraka hivyo. Zamani, wanafunzi wapya walipokuwa wengi na hadubini ni moja, mtu alitengeneza mpangilio wa kuigiza: programu inajifanya ina kamera, inajifanya ina meza, na inamwonyesha mwanafunzi picha za zamani zilizopigwa na Marehemu enzi za uhai wake, ili ajifunze kubonyeza bila kuharibu kitu. Watu wazima wote wale walikuwa wamempigia makofi Marehemu.

Alirudisha waya, akafungua mpangilio wa kweli. Kisanduku chekundu. Akajaribu tena, akazima kila kitu na kuwasha, akabadilisha waya. Kisanduku chekundu. Akasoma kijitabu cha kamera mpaka mwisho, na kule mwisho, kwa herufi ndogo, kikasema kamera inataka toleo jipya la programu. Toleo jipya, lisiloijua meza. Basi ndivyo ilivyokuwa: ukiichukua kamera, unaipoteza meza.

Fundi Subiri aliingia akipiga mluzi. Aliposikia, mluzi ukamfia.

"Mimi nilichagua uliofunguka," alisema. "Nilidhani ni ule ule, umebadilishwa jina tu."

"Sikulaumu."

Fundi alikuna kichwa, akasogea karibu, akashusha sauti. "Subiri kidogo. Kamera yenyewe ni nzuri, si ndiyo? Si mbovu. Peleka ripoti, inunuliwe, halafu tutahangaika nayo taratibu. Mimi nitakaa na programu mpaka kieleweke. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua, na hilo ndilo lililomuuma. Bi Giza aliona mwezi mzima mbele yake, labda miwili: fundi akihangaika, timu ya dawa ikigonga mlango, bakteria wakififia mmoja mmoja, na yeye kila asubuhi akitunga maneno mapya ya kumwambia Mama Mkuu. Akaona na upande mwingine: Kitinda kitandani kwa mama, uso ukutani. Alishika simu, akamwambia mdogo wake aje sasa hivi.

Kitinda alikuja na katoni ya soda begani, ya kuwashukuru watu wa maabara. Aliitua sakafuni, akatabasamu, akaona sura ya dada yake, na tabasamu likarudi lilikotoka. Fundi alijifanya ana kazi nje.

Bi Giza alimwonyesha tu. Akafungua Mafunzo, akafunika kamera, akang'oa waya, akasimama nao mkononi. Kitinda alitazama bakteria wakiwaka. Hakuonekana kushangaa.

"Wewe ulijua?"

Kitinda aligusa ubavu wa kamera. "Kamera yetu ikifanya kazi, pembeni yake kuna taa ya kijani. Jana nilisimama nayo karibu. Haikuwaka."

"Na hukusema."

"Nilitaka kusema, dada. Haki ya Mungu nilifungua mdomo. Halafu wakaanza kupiga makofi." Alitazama viatu vyake. "Hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi mimi. Nikasema ngoja kidogo wamalize. Walipomaliza, wewe ukasema inafanya kazi. Nikasema basi, dada anajua zaidi."

Bi Giza alitafuta hasira, akaikosa. Hasira ingemsaidia. Alichokipata kilikuwa huruma na aibu, vimechanganyika visitenganike.

"Nipe wiki moja," Kitinda alisema haraka haraka. "Nitawaandikia watengenezaji, watatuma draiva, kile kiprogramu cha kuitambulisha. Wiki moja tu. Usimwambie bado. Ukimwambia leo mimi nimekwisha, unajua nimekwisha. Nikae tena nyumbani? Mama anisikilizie nikikohoa chumbani?"

"Wakituma, itataka toleo jipya. Nimesoma."

"Labda watatengeneza ya toleo la zamani."

"Labda," alisema Bi Giza. Viatu vya Mama Mkuu vilisikika koridoni, vile visigino vyake visivyo na haraka wala mchezo. Kitinda alimshika dada yake mkono wa shati. Hakumvuta, alimshika tu. Na Bi Giza, ambaye alikuwa amemtetea kijana huyu kwa walimu, kwa wenye nyumba, kwa wenye maduka, kwa mama mwenyewe, alisubiri mlango ufunguke.

"Ripoti," alisema Mama Mkuu, mkoba bado mkononi.

"Hakuna ripoti, Mama. Picha ya jana haikutoka kwenye kamera hii." Alieleza yote bila kupumzika, maana alijua akipumzika atakwama: mpangilio wa Mafunzo, picha za Marehemu, waya, kisanduku chekundu, toleo jipya. Kitinda alikuwa bado ameshika ule mkono wa shati.

Mama Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakitazama kitambaa cheusi kilicholala juu ya meza.

"Hicho kilikuwa wapi jana?"

"Begani kwangu."

"Mzee wa watu ulimfunikia kamera yake mpaka akauliza kama kuna maziko. Jana hukufunika. Kwa nini?"

Angeweza kusema watu walikuwa wengi. Angeweza kumtaja fundi, angeweza kuyataja makofi, na kila neno lingekuwa kweli.

"Niliogopa," alisema Bi Giza. "Niliogopa picha itazimika."

Mama Mkuu alitua mkoba kwenye kiti. "Ya Mzee wa Tai inatosha kwa kazi?"

"Itapoteza wale hafifu kabisa. Nitaikodolea muda mrefu zaidi. Inatosha."

"Basi andika hiyo. Na andika kwamba jana ulisema neno kabla ya kulihakikisha. Nitatia saini chini ya yote mawili."

"Na mimi niliona taa haiwaki," Kitinda alisema. Hakuna aliyemuuliza. Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya zamani kabla haijavunjika. "Niliona, nikanyamaza. Nitamwambia bosi wangu mwenyewe."

Mama Mkuu alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mwambie leo," alisema, lakini hakusema kwa ukali, kisha akaondoka na mkoba wake.

Kitinda alianza kuifungua kamera. Aliitoa juu ya hadubini kwa uangalifu, akaifuta, akairudisha ndani ya sanduku na kuzungushia sponji zake, kila moja mahali pake. Bi Giza alikuwa bado amesimama. Tangu alipoingia asubuhi hakuwa ameketi, na sasa hakujua mikono yake aiweke wapi. Simu ikalia. Ilikuwa ni mama, na sauti yake ilikuwa kubwa siku zote, hata bila spika ungemsikia chumba cha pili.

"Mwanangu, wametia saini? Majirani wananiuliza."

"Mama," alisema Bi Giza, "nimeikataa kamera."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya vyombo, kisha vyombo vikanyamaza.

"Umeikataa kamera, au umemkataa mdogo wako?"

"Kamera, mama."

"Na yeye anajua hivyo?"

Bi Giza alifungua mdomo kujibu kwa niaba yake, kama alivyojibu kwa niaba yake maisha yote. Safari hii aligeuka, na Kitinda alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, kifuniko mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu. Bi Giza akamnyooshea simu.

Kitinda alijifuta viganja kwenye shati lake lililonyooshwa, akaipokea.

"Najua, mama," alisema. Akasikiliza. "Hapana, hakunitupa. Hapana. Mama, niache mimi, mimi nitakuja nyumbani tutaongea." Akainua macho akamtazama dada yake. "Hebu mpe pole dada. Tangu asubuhi hajakaa chini."

Bi Giza alivuta kiti, akakaa, akalia mbele ya mdogo wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.